Nani Mkanaani? Mgeni na Mwenyeji katika The Promised Land na Simulizi za Asili za Mpaka wa Kuria

Utangulizi

Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1966, imezoeleka kusomwa kama kisa cha tamaa na adhabu yake. Ochola, kijana wa Kiluo kutoka Seme, anamwoa Nyapol, kisha anaiacha nchi ya baba zake na kuhamia Tanganyika ya miaka ya 1930 kutafuta ardhi yenye rutuba. Ardhi anaipata, anatajirika, na jirani yake mwenyeji anamhusudu na kumroga. Mwili wake unaota miiba. Hospitali inashindwa, mganga wa jadi anafaulu, na hatimaye mume na mke wanarudi kwao wakiwa wameyaacha yote waliyoyachuma. Kutokana na muhtasari huo, mjadala darasani umeelekea zaidi katika mambo matatu: mvutano wa tiba ya kijadi na ya kizungu, wajibu wa mke kwa mumewe, na hatari ya kupenda mali. Yote hayo yamo, na hatuna nia ya kuyakana.

Makala haya yanadai, hata hivyo, kwamba kiini cha riwaya kimo katika anwani yake. Nchi ya Ahadi, kama ajuavyo kila aliyesoma Kutoka na Yoshua, haikuwa tupu. Walikuwamo Wakanaani. Ahadi ni ya yule anayekuja. Aliyemo hakuahidiwa kitu, wala hakuulizwa. Ogot alipoichagua anwani hiyo alichagua pia, kwa kejeli au kwa bahati, swali ambalo wasomaji wengi wamelipita: katika kisa cha Ochola, Mkanaani ni nani, na mbona hana simulizi? Tutajaribu kuonyesha kwamba mtazamo wa umma kuhusu mhamaji katika eneo hili umekuwa ukigeuka kwa kufuata kanuni moja. Kila jamii huuhifadhi uhamaji wake yenyewe kama Kutoka, na huusimulia ule wa wenzake kama uvamizi. Kinachobadilika kizazi hata kizazi si ukarimu wa moyo, kama wazee wapendavyo kulalamika, bali ni nani anayekubaliwa kusimulia kwamba yeye naye alitoka Misri.

Kwa msomaji aliyeko Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, jambo hili si la nadharia tupu. Kegonga haiko mbali na mpaka wa Tanzania, ule mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 uanzie pwani, kwenye mlango wa mto Umba, uizunguke Kilimanjaro na kuishia ziwani, pasipo kumwuliza Mkuria yeyote. Koo zilikatwa katikati. Abanyabasi wako pande zote mbili, na mtu wa Kegonga anayeoa Tarime hajihesabu kuwa ameoa ng'ambo. Upande wa magharibi wako Waluo wa Migori na Homa Bay, ambao kuenea kwao kuelekea kusini kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasogeza Wakuria na kuwameza Wasuba. Mtu akiisoma The Promised Land kutoka kilima hiki, safari ya Ochola haionekani kuwa mwanzo wa kitu. Inaonekana kuwa sura mojawapo, tena ya karibuni, katika mfululizo mrefu ambao msomaji huyo alikwisha kuusikia ukisimuliwa kutoka upande wa pili.

Wote walitoka Misri

Neno Misri hatulitumii kwa tamathali tu. Simulizi za asili za Abakuria, kama zilivyoandikwa na Paul Abuso katika kitabu chake cha historia ya jadi ya Abakuria cha mwaka 1980, zinamtaja Mokuria kuwa baba wa watu wote hao, na Misri kuwa ndiko alikotoka. Abagusii nao wana Misri yao. Kadhalika baadhi ya Abaluyia. Wanahistoria, William Ochieng' miongoni mwao, wameitazama Misri hii kwa mashaka. Wako wanaoiweka kaskazini, pande za mlima Elgon, na wako wanaoona ndani yake mkono wa mafundisho ya kanisa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Biblia haikukawia kuwa sehemu ya msamiati wa eneo zima. Mhakiki wa fasihi halazimiki kuamua iwapo Mokuria aliwahi kuyaona maji ya Nile. Linalomhusu ni fani, na fani ya simulizi hizi ina msuko ambao haubadiliki sana kutoka jamii moja hadi nyingine.

Kwanza kuna sababu ya kuondoka: njaa, ugomvi wa ndugu, ng'ombe waliopotea. Kisha kuna safari yenye vituo, na kila kituo kina jina na mzee aliyezikwa hapo. Kuna mto unaovukwa kwa taabu. Hatimaye kuna kufika. Ni hapa, kwenye kufika, ndipo usimulizi unapobadili mwendo wake ghafla. Safari ya miezi ilisimuliwa kwa saa nzima. Watu waliokutwa hupewa sentensi moja. Walikuwa wachache. Au walikuwa wawindaji wasiolima. Au waliondoka wenyewe. Ufupi huo hautokani na usahaulifu wa msimulizi, kwa kuwa msimulizi huyo huyo anakumbuka jina la fahali aliyechinjwa kwenye kituo cha pili. Ni mbinu ya utanzu. Simulizi ya asili kazi yake ni kuhalalisha makao, na haiwezi kuifanya kazi hiyo sawasawa ikiwa itamkaribisha mwenyeji wa zamani aeleze naye alikotoka.

Wasuba wanatupa ushahidi ulio wazi kuliko wote. Kwa mujibu wa mapokeo yaliyochunguzwa na Henry Okello Ayot, ambaye utafiti wake wa mwaka 1979 unaanzia yapata mwaka 1760, sehemu kubwa ya mababu zao walitoka upande wa Buganda wakikimbia visasi vya ikulu, wakavuka ziwa na kutua Rusinga, Mfangano na Gwassi. Kwa lugha ya leo walikuwa wakimbizi. Wajukuu wao ndio wenye visiwa hivyo sasa, na wengi wao wanazungumza Dholuo, kwani lugha waliyovuka nayo imekaribia kuwatoka. Mkimbizi amekuwa mwenyeji, na gharama aliyolipa ni ulimi wake. Hatujui riwaya iliyoandikwa juu ya badiliko hilo kwa kina kinachostahili. Mada ingali inamngoja mwandishi wake.

Si bure kutaja hapa jambo ambalo wasomaji wa Grace Ogot huligusa kwa mbali tu. Mwaka mmoja baada ya The Promised Land, yaani mwaka 1967, mchapishaji yule yule alitoa juzuu ya kwanza ya historia ya Waluo wa kusini iliyoandikwa na mumewe, Bethwell Ogot, na ambayo mada yake ni uhamaji na makazi kati ya mwaka 1500 na 1900. Katika nyumba moja, kwa muda mfupi, uhamaji wa Waluo uliandikwa mara mbili: mara moja kama historia ya watu waliofika na kukaa, mara nyingine kama kisa cha mtu mmoja aliyefika na kufukuzwa. Hatusemi kwamba mke alimjibu mume. Tunasema kwamba anayesoma vitabu hivyo viwili pamoja hawezi tena kumtazama Ochola kama kijana mtoro tu. Ochola anafanya kile kile kilichofanywa na mababu wanaosifiwa. Ni saa yake iliyo mbaya: amekwenda wakati dunia imekwisha kupigwa mistari na ardhi imekwisha kuhesabiwa.

Jembe na ardhi ya kulimia

Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya uvivu. Tafsiri hiyo ni nyepesi. Jembe halilimwi hewani. Anayempa mgeni jembe amempa pia, hata kama hakutamka, mahali pa kulitia, na mahali hapo ni pa mtu. Methali inaeleza hatua ya hatari katika maisha ya jamii: siku ambayo mgeni anaacha kuwa mdomo wa kulishwa na kuanza kuwa mkono unaodai shamba. Mwenyeji, ambaye jina lake lenyewe lina maana ya mwenye mji, anajua kwamba siku ya tatu ikipita atakuwa na jirani.

Waluo wana istilahi kamili kwa hali hiyo. Anayeishi katika ardhi ya ukoo usio wake kwa hisani ya wenye ardhi huitwa jadak, wingi jodak, na mwenye ardhi ni wuon lowo. Jadak hulima, huoa, huzaa. Lakini desturi ilimtaka awe na haya fulani, asijitwalie zaidi ya alichopewa, na asisahau kwa idhini ya nani alijenga. Wakati watu walikuwa wachache kuliko ardhi, wenyeji walitamani kupata jodak, kwa maana watu ndio waliokuwa utajiri na ngao. Ardhi ilipoanza kubana, neno lile lile lilianza kuuma. Leo katika siasa za Nyanza mjukuu wa jadak, aliyezaliwa hapo na baba aliyezaliwa hapo, anaweza kukumbushwa jina hilo siku ya kura. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni hesabu ya ekari.

Tukiishika istilahi hiyo mkononi tukairudia The Promised Land, picha inageuka. Huko Tanganyika Ochola ni jadak. Msomaji wa Kiluo wa mwaka 1966 hakuhitaji kuelezwa sheria zinazomhusu mtu wa namna hiyo, maana ndizo zilizotumika kijijini kwake. Ochola anafanikiwa upesi, mali yake inaonekana wazi, na jirani yake ni mzee aliyekuwako kabla yake. Kwa mizani ya Seme kwenyewe, huyu ni jadak aliyevuka mpaka wa adabu, na kinyongo cha mwenye nchi ni jambo linaloeleweka. Lakini riwaya, kwa kuwa imekaa karibu na Ochola na Nyapol, inakigeuza kinyongo kuwa husuda, na husuda kuwa uchawi. Swali la ardhi linaingia mlango mmoja na kutokea mwingine likiwa limevaa ngozi ya ushirikina.

Hatumtetei mchawi. Anayemdhuru jirani amemdhuru, kwa miiba au kwa panga. Tunachokihoji ni mgawanyo wa sauti. Ochola amepewa tamaa, mashaka, hofu na majuto, yaani amepewa nafsi. Jirani amepewa kazi ya kuwa chanzo cha maradhi. Mkanaani wa Kitabu cha Yoshua alikuwa na desturi hii hii ya kuonekana tu anapokuwa kizuizi. Nasi wahakiki, tunapoandika kwamba riwaya hii inahusu mvutano wa tiba mbili, tunamfungia jirani huyo mlango kwa mara ya pili, kwani tunamgeuza kuwa ugonjwa unaongojea kuthibitisha ubora wa dawa.

Miiba na tangazo la serikali

Miaka michache baada ya riwaya kutoka, historia iliiandika upya kwa kalamu nzito zaidi. Mwaka 1967, mwaka ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowafanya maelfu ya Waasia kufungasha. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza wafanyakazi wa Kikenya kwa maelfu, wengi wao Waluo. Mwaka 1972 ikawafukuza Waasia. Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983, na katika miaka hiyo shemeji aliyekuwa ng'ambo ya mstari, huko Tarime, akawa mtu wa nchi ya kigeni kwa maana ya kisheria, ingawa jamaa zake waliendelea kumwita kwa jina lake.

Kile ambacho jirani wa Ochola alikifanya kwa miiba, serikali zilikifanya kwa tangazo. Matokeo ni yale yale: mtu anaondoka mikono mitupu na kuacha mazao shambani. Tofauti ni kwamba mchawi anajulikana kwa sura na anaweza kushitakiwa mbele ya wazee, ilhali tangazo halina uso. Kwa mtazamo huu, wasomaji waliouona uchawi wa Ogot kuwa mabaki ya fikra za kale waliharakisha. Uchawi katika riwaya unaweza kusomwa kama jina ambalo kijiji kililitumia kwa nguvu iliyo na uwezo wa kumng'oa mtu bila kumwambia kosa lake. Nguvu hiyo haikuondoka ilipokuja dola. Ilihamia ofisini.

Wala haikukoma na kizazi hicho. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ya Tanzania iliwaondoa watu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, wakiwamo walioishi humo kwa miongo mingi na waliokuwa wameoana na wenyeji. Wengi walikuwa na asili ya Rwanda na Burundi. Neno lililotumika lilikuwa wahamiaji haramu, na mtu yeyote mwenye masikio ya lugha hana budi kulishangaa. Haramu ni neno la dini lililoazimwa kwa matendo na vyakula. Linapobandikwa mtu, halielezi alichofanya bali alivyo. Siku ya tatu, badala ya jembe, mgeni amepewa fatuwa.

Sehemu ya Kiswahili

Idara kama zetu hupenda kujipongeza kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na kabila, na kwa hiyo ni makao ya kila mgeni. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inaelekea kutupa sababu ya kujipongeza. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji taarab, anatoka Tanga na kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha hadi pande za Kitale. Anaonewa kwanza nyumbani, katika nyumba ya watu wanaomlea, kabla hajawa mgeni mahali popote. Mpaka wa Tanzania na Kenya sio unaomfanya awe mtu wa pembeni. Kinachomfanya awe hivyo ni kukosa baba wa kumtaja. Jina lake lenyewe linaingia Kenya kabla yake, kwa kuwa Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Amebebeshwa mji wa ng'ambo tangu utotoni.

Kati ya Ochola na Kongowea kuna miaka 30 ya uchapishaji, na tofauti ya mtazamo ni kubwa. Ochola anavuka kutafuta ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Kongowea anavuka akitafuta nasaba, na nasaba haipungui kwa kugawanywa. Ndiyo maana riwaya ya Walibora inaweza kuwa changamfu pale ambapo ya Ogot inatisha. Tunachelea kusema kwamba hii ni hatua mbele. Inawezekana ni hatua pembeni tu: mwandishi wa Kiswahili amempata mhamaji anayependeka kwa kumchagua yule asiyeomba shamba. Hali hiyo ilikuwa na mvuto wa pekee mwaka 1996, miaka michache baada ya mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992 katika Bonde la Ufa, mkoa ambao Kitale ilikuwamo. Msomaji wa wakati ule aliyajua majina ya mahali katika riwaya kutokana na habari nyingine kabisa.

Na katika habari hizo, lugha iliyotumika ni yetu. Madoadoa ni neno la Kiswahili. Asili yake haina ubaya wowote, ni sifa ya ng'ombe na ya kitambaa. Lakini katika Bonde la Ufa liligeuzwa kuwa jina la watu waliohamia, uchafu katika rangi moja ya nchi, nalo likasikika tena mwaka 2007. Kwekwe limechukuliwa kutoka shamba lile lile la methali ya jembe: mgeni aliyepewa jembe amegeuzwa kuwa kile ambacho jembe hung'oa. Pwani kuna wabara na wakuja, maneno yaliyosikika sana wakati wa machafuko ya Likoni mwaka 1997. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotangaza orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, madoadoa na kwekwe yalikuwamo. Orodha hiyo inafaa kusomwa katika darasa la semantiki kama inavyosomwa katika vyombo vya sheria, maana inaonyesha kwamba sitiari za uhamaji nchini Kenya zimetolewa karibu zote katika kilimo na ufugaji. Mjadala haujaacha kuwa wa ardhi hata pale wanasiasa wanapouita wa kura.

Hapa ndipo hoja yetu kuhusu Mkanaani inapohitaji ulinzi. Mtu anaweza kuitumia vibaya. Anaweza kusema kwamba ikiwa mwenyeji alinyimwa sauti katika The Promised Land, basi anayepaza sauti ya madoadoa anaidai sauti hiyo, na ni haki yake. Sivyo. Anayesema madoadoa naye anajisimulia kama Mwisraeli: nchi ni yake kwa ahadi, na waliomo ndani yake ni kizuizi. Hajiweki mahali pa Mkanaani hata kidogo. Kama angejiweka, angelazimika kukumbuka ile sentensi moja ya simulizi ya ukoo wake, kwamba palikuwa na watu wachache ambao waliondoka wenyewe. Fasihi inayomstahi mwenyeji ni ile inayomfanya aikumbuke sentensi hiyo na kuirefusha. Hatujaipata kwa wingi. Katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, mzee wa Kizanzibari anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti ya mtu mwingine, na mwenyeji anayempokea ni ofisa wa uhamiaji. Lakini uhasama unaotawala riwaya ni wa nyumba moja ya kule kule Zanzibar, nani aliichukua kwa nani. Gurnah anajua kwamba mkimbizi huja na shauri la ardhi alilolitoroka. Ujuzi huo unakosekana kwa Ochola, na pengine ndio unaomkosesha amani.

Nyapol

Kuna mhusika mmoja katika The Promised Land ambaye hakuitaka safari. Nyapol anasitasita tangu mwanzo, na kusita kwake kumehesabiwa na wengine kuwa ni woga wa kike au, kwa wasomaji wakarimu zaidi, hekima ya mila. Tunapendekeza usomaji mwingine. Nyapol ameolewa karibuni. Katika jamii ambamo mke huhamia kwa mume, yeye tayari ni mhamaji. Ameuacha mji wa baba yake na kuingia katika mji wa watu, ambako chungu, jiko, njia ya kisimani na hata namna ya kusalimu wakwe ni vya kujifunza upya. Kabla Ochola hajapata kuwa mgeni mahali popote, mkewe amekwisha kuwa mgeni nyumbani kwake. Anajua kwamba mtu aliyeingia mji wa wenyewe hutazamwa, hupimwa, na hukubaliwa kwa polepole sana. Ochola hajui. Yeye ni mwana wa Seme, mwenye ardhi na makaburi. Hajapata kuomba nafasi ya kukaa.

Uhamaji wa wanawake hauna simulizi ya Kutoka. Hakuna ukoo unaosimulia vituo vya safari ya bibi kutoka kwao, ingawa kila mtu katika ukoo huo alizaliwa na mwanamke aliyehama. Kwa Abakuria kadhalika: nasaba humfuata Mokuria na wanawe, na wanawake walioletwa kutoka koo nyingine, na mara nyingine kutoka makabila mengine, huingia katika simulizi kama majina ya nyumba. Lakini ndio waliokuwa na ujuzi ambao jamii nzima ingeuhitaji, ujuzi wa kuingia kwa watu bila ahadi mkononi. Ogot, kwa kumweka Nyapol kando ya Ochola na kumfanya ashuhudie yote, ameuweka ujuzi huo ndani ya riwaya, hata kama msuko haumpi nafasi ya kuutumia.

Kwa namna hiyo tunaweza kumweka jirani na Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mluo na kuishi humo hadi kifo chake mwaka 2015. Utenzi wake wa mwaka 1977 unamwita nafsi yake Nyarloka, yaani binti wa ng'ambo ya maji. Jina hilo ni la Dholuo, na limeundwa jinsi wenyeji wanavyomwita mwanamke aliyetoka mbali. Halimwiti mwenye nchi, wala halimwiti doa. Linataja tu kwamba kuna maji, na kwamba aliyavuka, na kwamba hapa alipo anaitwa binti. Mzee yule wa Tanganyika angemwita Nyapol jina gani, kama riwaya ingewakutanisha yeye na mzee huyo peke yao, Ochola akiwa shambani?